Hürrem Hakuwemo Hemani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha mtaa wetu, hapa Ngamiani, Tanga. Mvua iliwazuia wengi, na waliokosa wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na wengine wote, hamjambo?

Mama zangu, dada zangu, wanangu. Na nyie akina baba mliosimama mlangoni, ingieni mkae, viti vipo. Maneno ya leo yanawahusu pengine kuliko mnavyodhani.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie tamthilia, wengine walijua nitasema zinaharibu watoto, zimeni runinga, shikeni vitabu. Sitasema hivyo. Mimi ni mtazamaji. Nimefundisha historia na Kiswahili mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu sebule yangu imekuwa ukumbi wa mtaa. Kifurushi kikilipwa kwangu, kimelipwa kwa nyumba sita. Wengi mlioko hapa mmekaa kwenye mkeka wangu, na mnajua ninachotaka kukisema kabla sijakisema, kwa sababu mlikuwepo.

Mnaikumbuka Sultan? Nani haikumbuki! Ilitengenezwa Uturuki, kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ikaanza kuonyeshwa huko Januari 2011 na kwisha 2014. Azam TV wakatuletea imetiwa sauti za Kiswahili, na hapo ndipo tulipozama. Tamthilia za Kimexico tulizitazama zamani, lakini wale walisema lugha ya watu. Huyu Süleyman, sultani mwenyewe, alisema Kiswahili. Hürrem, mkewe, alilia kwa Kiswahili, alitukana kwa Kiswahili, aliomba dua kwa Kiswahili. Baada ya wiki mbili hatukuona tena Waturuki. Tulimwona wifi. Tulimwona mke mwenza. Tulimwona mama mkwe na kijakazi mwenye kiherehere. Na tulichokisema juu yao hatukukisema kwa kunong'ona.

Nataka niwarudishe kwenye usiku mmoja tu. Usiku wa Mustafa.

Mtakumbuka Mustafa, mtoto wa Süleyman kwa mwanamke mwingine, Mahidevran, alikuwa kipenzi cha kila mtu. Mtoto wa kwanza aliyesalia, mpole, hodari, askari wanampenda. Baba yake amepiga hema kule Ereğli, anamwita. Rafiki zake wanamsihi asiende. Yeye anakwenda. Anavua silaha zake anaziacha nje. Mjukuu wa jirani yangu, kijana wa miaka 9 hivi, alikuwa amekaa mbele kabisa, magoti kifuani, na mara akapaza sauti: "Stelingi hafi! Stelingi hafi!" Tukamwambia nyamaza. Mustafa akaingia hemani. Wakamrukia wanaume na kamba. Alipambana. Na nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka alipoangushwa, alikuwa amekaa baba yake, anasikiliza.

Sebuleni pakawa kimya. Feni tu ndiyo iliyosikika. Yule mtoto aligeuka akatutazama sisi watu wazima, mmoja baada ya mwingine, kama tumemdanganya.

Halafu mtu wa kwanza akasema neno. Sitamtaja. Akasema: "Hürrem, Mungu akulaani!" Na sote tukaitikia. Mwanamke mchawi. Mwanamke roho mbaya. Mwanamke ameingia nyumba ya watu kaivunja. Na mimi mwalimu wenu nilisema, tena kwa sauti kuliko wote.

Sasa nawauliza, jamani. Hürrem alikuwa wapi usiku ule? Alikuwemo hemani? Hakuwemo. Ndiye aliyeshika kamba? Siye. Amri ya kuua ilitoka kinywani mwa nani? Kwa baba. Aliyekaa nyuma ya pazia ni nani? Baba. Na machozi yalipomtoka yule baba, sisi tulifanya nini? Tulilia naye! Tulisema masikini Süleyman, wamemchezea akili. Aliyeua tukamhurumia. Ambaye hakuwepo tukamlaani.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Halikuniacha.

Simtakasi Hürrem. Kwenye tamthilia alishirikiana na mume wa binti yake, Rüstem Paşa, waziri mkuu, kumchongea Mustafa, na fitina ni fitina. Lakini nilifundisha historia, nikarudi kwenye vitabu vyangu kuuliza swali ambalo mkekani hatukuwahi kuuliza: kwa nini wanawake wale walipigana namna ile? Walikuwa na wivu wa mapenzi tu?

Nawaambia sheria ya nyumba ile, halafu mjibu wenyewe. Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Istanbul mwaka 1453, aliacha kanuni kwamba mtoto wake atakayepata kiti anaruhusiwa kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Ruhusa ya sheria! Baba yake Süleyman aliwaua ndugu zake. Na mwaka 1595, Mehmed wa Tatu alipokalia kiti, wadogo zake 19 walinyongwa. Wengine walikuwa watoto wadogo. Kumi na tisa.

Sasa wewe mama. Umezaa wavulana ndani ya nyumba ile. Mtoto wa mwenzio ndiye mkubwa, na ndiye anayependwa. Unajua siku atakapokalia kiti, wanao wanaweza kuchimbiwa makaburi. Na mwenzio naye anajua hivyo hivyo: wako akikalia kiti, wake amekwisha. Mtakaa pamoja mkasukana nywele? Mtapikiana uji? Mahidevran alipompiga Hürrem zile siku za mwanzo mpaka uso ukavimba, tulisema wivu. Mimi leo naona zaidi ya wivu. Naona kina mama wawili waliofungiwa chumba chenye mlango mmoja, wakaambiwa atatoka mmoja.

Na aliyeufunga mlango? Hayumo kwenye ugomvi. Yuko juu, analetewa kesi aamue. Kila siku wanamlilia yeye, wanamwomba yeye, wanamshukuru yeye.

Msisahau pia Hürrem aliingiaje mle. Tulipenda kusema kajiingiza. Hakujiingiza. Alitekwa kwao, upande wa Ukraine ya leo, akauzwa akiwa msichana. Sisi watu wa mwambao tunaijua biashara hiyo, Bagamoyo ni hapo tu na Pangani ni hapo tu. Mtu aliyeuzwa sokoni haingii nyumba ya watu kwa hiari yake.

Nataka sasa mnifuate mpaka mwaka 1553, kwa sababu haya yalitokea kweli. Mustafa aliuawa kweli, Oktoba mwaka huo. Na jeshi lilikasirika kweli. Unajua hasira ile iliangukia wapi? Iliangukia kwa Rüstem Paşa. Sultani akamvua uwaziri mkuu, askari wakapoa kidogo. Mshairi mmoja wa zama zile, Taşlıcalı Yahya, akatunga utenzi wa maombolezo uliosomwa sana, na mwenye kubebeshwa lawama ndani yake ni Rüstem. Miaka miwili baadaye, 1555, yule Rüstem akarudishwa pale pale kwenye uwaziri mkuu. Mmeona mchezo? Watu wamepewa mtu wa kumzomea, wamezomea, wamechoka, mambo yameendelea. Na kiti hakikutikisika.

Miaka zaidi ya 460 ikapita. Februari 2014 kipande kile kikaonyeshwa Uturuki, na watu wakamiminika Bursa kwenye kaburi la Mustafa kumsomea dua, kana kwamba amekufa jana. Mimi hilo silicheki hata kidogo. Kumlilia aliyedhulumiwa ni ubinadamu. Ninachouliza ni hasira inakwenda wapi machozi yakikauka.

Huko kwao, kwa hakika, wapo waliokasirika kwa sababu nyingine. Malalamiko ya makumi ya maelfu yalipelekwa serikalini tangu tamthilia ilipoanza, na Novemba 2012 Waziri Mkuu wa wakati ule, Erdoğan, aliilaumu hadharani. Kosa lenyewe? Kwamba sultani anaonyeshwa ndani na wanawake, wakati yeye alipitisha miaka 30 juu ya farasi vitani. Yaani heshima ya sultani ndiyo iliyoumia. Sikusikia kundi kama hilo likisimama kutetea heshima ya Hürrem.

Na Mahidevran je, mama wa marehemu? Hapa naomba utulivu kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo lililoniuma kuliko yote, na tamthilia haikulipa nafasi inayostahili. Baada ya kumzika mwanawe alihamia Bursa, karibu na kaburi. Akaishi kwa dhiki. Kodi ya nyumba ilimshinda. Watumishi wake wakienda sokoni walikejeliwa na kudhulumiwa, kwa kuwa watu walijua mama yao ameanguka, hana wa kumtetea. Fikirini soko letu hapa Ngamiani. Binti ametumwa na kikapu, muuza samaki anamjua ametoka nyumba gani, anampa dagaa waliokwisha kuharibika na kumrudishia chenji pungufu, na wanaosubiri nyuma yake wanacheka. Hiyo ndiyo hasira ya watu ilipoishia: imemkuta mwanamke mwenye msiba, kwenye mzani wa sokoni.

Baadaye madeni yake yalilipwa, akanunuliwa nyumba. Na kaburi la Mustafa likajengewa jengo zuri. Unajua kwa amri ya nani? Selim. Mtoto wa Hürrem. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Mtoto wa yule tuliyemlaani ndiye aliyemjengea kaburi yule tuliyemlilia.

Wengine mtasema, Mwalimu, hayo ya Istanbul ni mbali. Haya, njooni Unguja, ng'ambo ya bahari hii hii. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, nyumba yake nayo ilikuwa na masuria wengi na watoto wengi wa mama tofauti. Majid akapata kiti. Barghash akakitaka. Mwaka 1859 Barghash akapanga kumpindua kaka yake, na ndani ya mpango ule alikuwemo dada yao mdogo, Salme, msichana wa miaka 15 tu, ambaye mama yake naye aliletwa kutoka Circassia, kando ya Bahari Nyeusi. Yeye alijua kuandika, kazi yake ikawa kuandika barua za siri. Mapinduzi yakashindikana. Barghash akapelekwa Bombay. Lakini tazameni mwisho wao. Barghash alirudi, na mwaka 1870 akawa sultani, na leo tunamtaja kwa heshima na jengo lake la Beit al-Ajaib. Salme aliondoka mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, na aliporudi kutembea mwaka 1885, Barghash yule yule aliyeandikiwa barua zake na Salme alikataa kumpokea. Aliyetaka kiti alisamehewa akapewa kiti. Aliyeshika kalamu hakusamehewa.

Hata Marekani ni hivyo. Iko tamthilia yao inaitwa Breaking Bad, vijana mnaijua. Mwalimu wa kemia anageuka mpishi wa dawa za kulevya, anaua, anadanganya. Mkewe, Skyler, anamwambia acha. Watazamaji walimchukia nani? Skyler! Walimchukia mpaka mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn, akaandika kwenye gazeti la The New York Times, Agosti 2013, akaeleza jinsi chuki ile ilivyotoka kwa mhusika ikamfuata yeye, hadi mtu kuandika anauliza atampata wapi amuue. Kosa la mhusika wake ni kumzuia mumewe asiuze sumu.

Kwa hiyo si sisi tu. Nimefarijika kidogo kujua hivyo, lakini kidogo tu, kwa sababu sebule ninayoijibia ni yangu.

Ninaye mkwe, mke wa mwanangu wa pili. Walikaa kwangu miaka mitatu. Wakati wa Sultan alikuwa amezoea kukaa pale pembeni karibu na mlango wa jikoni, anachambua mchele huku anatazama. Mimi ndiye niliyempa ufunguo wa kabati la vyakula, mwenyewe, kwa mkono wangu, umefungwa uzi mwekundu. Miguu ilikuwa imeanza kunisumbua. Sasa ikaja ile sehemu Valide Sultan, mama wa Süleyman, anazidiwa na Hürrem ndani ya nyumba. Nikasema mbele ya watu wote: "Mtoto wa watu akishashika funguo, huyo ameshakuzika." Watu wakaitikia. Nilikuwa nasema juu ya runinga. Wallahi nilikuwa nasema juu ya runinga!

Hakusema kitu. Alimaliza kuchambua mchele, akaupeta, akainuka na ungo wake.

Asubuhi niliamka nikakuta ufunguo umewekwa juu ya meza yangu, juu ya kitambaa cha kufuma. Uzi mwekundu umefunguliwa na kukunjwa vizuri pembeni. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama, naona ukae nao wewe." Basi. Hakununa, hakupiga kelele. Lakini kuanzia siku ile aliomba hata chumvi.

Mnaelewa, mama zangu? Sisi tunadhani tunamsema Hürrem. Hürrem amekufa tangu 1558, hasikii. Anayesikia ni aliyekaa pembeni na ungo. Anayesikia ni mke mdogo wa jirani, ambaye hapa mtaani kwetu, msinikatalie, amepewa jina la Hürrem, hata watoto wanamwita hivyo akipita. Mumewe je? Yule aliyetoka nyumba moja akaoa ya pili bila kumwambia wa kwanza, akawaacha wanawake wawili wagombanie pesa ya matumizi, yeye amepewa jina gani? Hana jina. Anaitwa kwa jina lake, na tunamwamkia shikamoo.

Akina baba, nimesema mtahusika.

Siwaambii tunyamaze. Tamthilia ya kutazama kimya haina ladha, na isitoshe kelele zetu zina faida. Wakubwa mnakumbuka Twende na Wakati, Redio Tanzania, ilianza 1993. Dereva wa lori, Mkwaju, ana wanawake kila kituo. Mkewe, Tunu. Mchezo ule ulitungwa makusudi ili watu wabishane: uzazi wa mpango, UKIMWI, mume na mke. Waliufanyia hata utafiti, Dodoma ikaachwa bila mchezo miaka miwili ya mwanzo ili walinganishe, na ikaonekana mikoa iliyosikiliza watu walizungumza zaidi nyumbani, tena mke na mume. Lakini angalieni tofauti. Mule tulimsema nani? Tulimsema Mkwaju! Mwanamume, dereva, mwenye pesa mfukoni. Hatukusema wanawake wa vituoni ndio waliomharibu. Wakunga walisema, walimu tulisema, wauza chai walisema, kwamba Mkwaju ana makosa. Na Tunu alipoamua kusimama kwa miguu yake, hakuna aliyesema ameharibika. Kumbe tunaweza. Tulikwisha kufanya.

Kwa hiyo usiku tukikaa tena mkekani, mimi nitakuwa na swali langu, na nitaliuliza kwa sauti, mnivumilie: amri imetoka kwa nani? Wanawake wawili wakigombana, nitauliza, sheria ya nyumba hii kaiweka nani? Mtoto akisema stelingi hafi, sitamnyamazisha. Nitamwuliza, nani anamuua?

Ufunguo sikuurudisha siku ile. Nilikuwa na kiburi. Nilikaa nao wiki tatu, na kila asubuhi naletewa bakuli niupimie mchele, kama mgeni anapimiwa. Nikaja kumwita, nikaketi naye jikoni kwenye mbuzi za kukunia nazi, mimi kwenye yangu na yeye kwenye yake, nikamwambia, mwanangu, nilikusema bila kukutaja, unisamehe. Akaniambia: "Mama, mimi sikuumia uliposema. Niliumia walipoitikia wote."

Walioitikia mko hapa. Nami nilikuwa wa kwanza.

Leo wana nyumba yao, lakini yuko hapa, amekaa mstari wa tatu karibu na dirisha, na amenipa ruhusa kulisema hili. Tena hakubaliani nami kuhusu Mahidevran, anasema nimemtetea mno. Nimekwisha sema kwa saa nzima. Mwanangu, inuka uje mbele, chukua kipaza sauti. Nampisha yeye.